Utingo Aliyetaka Kukaa Mbele

Mume wangu Xaveri Ndunguru alikuwa utingo wa lori la ushirika tangu kabla hajanioa, na kwa miaka yote hiyo aliijua nchi hii kwa kuitazama ikienda zake. Watu wa siku hizi wanadhani utingo ni mtu wa kupakia na kupakua tu. Hiyo ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kukaa juu ya magunia ya kahawa, uso umeelekea nyuma, ukiangalia turubai lisipeperuke, gunia lisidondoke, na wahuni wasidandie pale mlimani ambapo lori linakwenda polepole kuliko bibi mwenye mzigo wa kuni. Basi yeye alitazama nyuma. Alikwenda Songea akiitazama Mbinga, akarudi Mbinga akiitazama Songea.

Mtu akiishi hivyo, akili nayo inageuka. Ukimwuliza Xaveri njia ya kwenda Kitura, alikutajia mambo utakayoyaona ukishapita. "Nenda tu, utaona mti mkubwa unabaki, halafu daraja linakwenda zake, hapo ujue ulishafika zamani." Wageni walipotea sana kwa maelekezo yake. Kanisa la Kigonsera alilijua linavyokuwa dogo. Linavyokuwa kubwa hakuwahi kuliona. Na lile vumbi lote ambalo dereva analitimua na kuliacha, yeye ndiye aliyelipokea. Mtoto wetu Romanus alipokuwa mdogo alimkimbia baba yake kila aliporudi safari, mpaka aoge.

Mbele ya lori kulikuwa na nafasi tatu. Ya kwanza ya Antoni, dereva. Ya pili ya karani. Ya tatu ilikuwa ya mtu wa heshima: padri, mwalimu, mama mjamzito, au shemeji wa Antoni. Na Antoni alikuwa na mashemeji kila kijiji, wote wanawake, wote wana safari ya haraka. Xaveri anapiga bodi kwa kiganja, lori linaondoka, na yeye kule juu anabaki kujiuliza hao wa mbele wanaona nini mpaka wacheke vile.

Mara moja tu alipewa kiti hicho. Karani aliumwa, na shemeji wa siku hiyo alikuwa amegombana na Antoni. Lakini ulikuwa mwezi wa sita, na ukungu wa Mbinga wa mwezi wa sita kama huujui umeusikia. Xaveri alikaa mbele kutoka Mbinga hadi Kigonsera, macho ameyatoa, na hakuona chochote isipokuwa weupe, kama mtu aliyetumbukizwa katika sufuria ya uji. Walipofika Kigonsera ukungu ukaisha. Kigonsera kulikuwa na shemeji.

Mimi naitwa Edina. Ni mtu wa ziwani, mzaliwa wa Mbaha, Mwanglikana niliyeolewa na Mkatoliki wa milimani. Wanaosema nina ulimi mkali hawajaishi na Xaveri. Na mtu akinihurumia kwa sababu ya mume huyu, ajue nitamgeukia yeye kwanza, maana kumsema ni haki yangu mimi peke yangu.

Sasa nieleze juu ya kigingi, maana bila kigingi huwezi kumwelewa. Kila utingo alikuwa na chake: kipande cha mti mgumu kilichochongwa upande mmoja kikawa chembamba. Lori lililoshiba kahawa likipanda milima yetu, huwa linafika mahali linaishiwa nguvu. Mlio wa injini unashuka. Hapo utingo hangoji kuitwa. Anaruka chini na kigingi chake na kukisukumiza nyuma ya gurudumu, na akichelewa, lori na kahawa na karani na shemeji wanarudi bondeni pamoja. Xaveri hakuwahi kuchelewa. Masikio yake yalikuwa kwenye injini hata pasipo na injini. Nilimwona kwa macho yangu akinyanyuka katikati ya hotuba kwenye harusi ya watu, akapita juu ya miguu ya wakwe, akatoka mbio nje. Jenereta lilikuwa limeishiwa mafuta.

Halafu likaja soko huria. Redioni walisema sasa kila mtu ruksa kununua kahawa, na kweli wakaja wanunuzi wa kila aina, wenye magari yanayong'aa na wenye mizani ya kubeba kwapani. Ushirika wetu ukazidiwa. Lile lori likapandishwa juu ya mawe, matairi yakaondoka moja moja, kuku wakahamia mahali pa karani. Antoni akapata kazi Songea, huko nako nasikia alikuwa na mashemeji. Xaveri akarudi nyumbani na kigingi chake.

Hakuna balaa kwa mwanamke kama utingo asiye na lori. Aliwekea kigingi mlango. Aliwekea kigingi kinu. Mgeni akikaa kwenye kiti anasikia mtu amepiga magoti nyuma yake anasukumiza kitu, "Kaa tu, ndugu yangu, sasa hakiendi popote." Na jioni alikaa kibarazani kaipa barabara mgongo. Nikimwambia, "Baba Romanus, geuka basi uone watu wanaokuja," ananijibu, "Wakishapita nitawaona." Alijibu kwa mzaha, lakini nilijua moyoni haukuwa mzaha. Mzee mzima alikuwa na huzuni, na mimi nilikuwa sijui nimfanyie nini zaidi ya kumkaripia.

Ndege ndiyo iliyomwinua. Miongoni mwa wanunuzi alikuwapo tajiri mmoja aitwaye Bwana Abdulkarimu, mtu wa Songea mwenye asili ya pwani, mpole, mnene, kanzu yake haina hata doa. Huyu alikodi ndege ndogo. Nje ya mji wa Mbinga, juu ya mgongo wa kilima, tulikuwa na kiwanja cha zamani cha majani ambacho kwa miaka mingi kilikuwa malisho ya mbuzi. Siku ndege ilipotua, mji mzima ulikwenda kutazama. Wengine walirudi wakasema wameona bawa, wengine wameona panga linazunguka. Xaveri alirudi akasimama mlangoni, hakunisalimu.

"Mama Romanus, ile ndege haina nyuma."

"Imevunjika?"

"Haina nyuma! Wote waliomo wanatazama mbele. Viti vyote. Na dereva ana kiti pembeni yake, pale pale kwenye kioo. Nimeuliza, wakaniambia mtu yeyote anaweza kukaa, siyo lazima awe fundi."

"Na leo nani alikaa?"

Uso ukambadilika. "Bwana Abdulkarimu. Unajua alikuwa anafanya nini? Anasoma gazeti! Ndege inashuka kutoka kwa Mungu, dunia nzima imewekwa mbele yake kama sinia la pilau, naye kafunika uso na gazeti!"

Hakula vizuri siku hiyo. Nilidhani ni hasira ya kupita. Ukistaajabu ya Musa, utayaona ya Firauni.

Tangu hapo kila ndege ilipokuja, Xaveri alikuwa kiwanjani kabla yake. Alifukuza mbuzi. Alifyeka majani bila kuombwa na mtu. Alijua kusimama pale mwisho wa kiwanja ambapo ndege inatokea juu ya kilima ikimjia uso kwa uso, kwanza kama nzi, halafu kama kunguru, halafu inashusha magurudumu karibu na kofia yake, na yeye hajifichi wala hainami. Nilimfuata siku moja kumpelekea chakula, nikamwona. Alikuwa amefungua mikono kama anayempokea mtoto. Nikataka kucheka, nikashindwa.

Ndege ikishatua, kazi ilianza. "Njoo! Njoo! Njoo! Kata kulia! Nyoosha! Haya njoo, njoo, njooo... hapo hapo!" Rubani, kijana mmoja aitwaye Jastin, alikuwa anajua kuegesha ndege yake bila msaada wa mtu. Lakini kwa kuwa ndege mwishoni husimama, Xaveri aliamini imesimama kwa amri yake. Kisha anainama, anasukumiza kigingi kwenye gurudumu, anapiga bawa kwa kiganja mara mbili. Jastin mwanzoni alimkemea kwa kulipiga bawa. Baadaye akazoea, akawa anamwita "Kapteni Xaveri", na hapo akawa ameharibu kabisa. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Nyumbani tukawa hatulali kwa habari za mbawa.

"Muombe basi akupandishe," nikamwambia.

"Kiti kina mwenyewe," akasema. "Nimekaa nyuma ya wenye viti maisha yangu yote. Nitaombaje?"

Na kweli, Bwana Abdulkarimu hakuwahi kukosa. Alikuja amekaa mbele, akaondoka amekaa mbele, gazeti usoni.

Basi ikaja siku ya upepo. Jastin na tajiri wake walikuwa wamekwenda mjini kula. Ndege ilikuwa imeegeshwa kiwanjani peke yake, na kiwanja chetu, kama kila kitu katika wilaya hii, kinateremka. Ulipiga upepo mmoja ambao uliezua banda la mwalimu na kuondoka na nguo zangu nilizoanika. Ndege ikaanza kutembea. Waliokuwapo walikimbia. Xaveri naye alikimbia, lakini kwa upande wa ndege. Kile kigingi alichokiweka asubuhi kilikuwa kimeshika gurudumu moja kwa meno, na ndege iliposhindwa kwenda mbele ikazunguka palepale, kama mbuzi aliyefungwa kamba mguuni, mkia ukipepesuka juu ya bonde, naye Xaveri amelala kifudifudi amekikumbatia kigingi na kupiga kelele, "Shika breki, Antoni! Shika breki!"

Jastin aliporudi, nami nimeshafika nikizifukuza nguo zangu, alikuta ndege nzima, ila inatazama kulikokuwa mkia. Alipoona bonde lilivyo karibu, akakaa chini kwenye majani. Kijana alikuwa ametoka jasho mpaka kwenye nyusi.

"Mzee wangu, Mungu akubariki," akasema. "Sema unataka nini. Kama ni kitu ninachokiweza, nitakupa."

Xaveri alikuwa na tope puani. "Nataka kukaa mbele," akasema.

Jastin akamtazama Bwana Abdulkarimu aliyekuwa anashuka kwenye gari, akashusha sauti. "Wiki ijayo tajiri anakwenda ziwani kwa gari, ana shughuli za dagaa kule Mbaha. Mimi nitakwenda na ndege kumchukua. Kwenda, kiti cha mbele kitakuwa kitupu. Kurudi ni chake. Utakaa mbele kwa kwenda tu, mzee, nisikudanganye."

"Kwenda tu kunatosha," akasema Xaveri.

"Na mama, mimi nasikia kwenu ni Mbaha. Nyuma kuna nafasi. Twende ukawasalimie."

Nilikuwa sijaiona Mbaha tangu msiba wa mama yangu. Barabara ya kushukia ziwani wakati huo ilikuwa ya kumtakia adui yako. Nikasema siogopi. Nilikuwa nimedanganya.

Siku ilipofika Xaveri alivaa koti la harusi yetu, lililokuwa limebana kwapani, na kofia aliyoifuta kwa mafuta ya kula. Mimi nilifunga maharage kwenye kikapu kwa ajili ya dada yangu Eliza, maana mtu haendi kwao mikono mitupu hata akipitia mbinguni. Jastin akamwambia Xaveri aache kigingi. Xaveri akakubali haraka mno, nikajua amekificha ndani ya koti.

Tuliingia. Yeye mbele kulia, mimi nyuma yake. Injini ikaunguruma, tukakimbia juu ya majani tukirushwa kama karanga kwenye ungo, na mrusho mmoja haukurudi chini. Nilijifunika kanga usoni. Nilisali sala za Kianglikana, zilipokwisha nikaazima za mume wangu.

Nilipofunua kidogo nilikiona kisogo cha Xaveri. Kulikuwa na jambo si la kawaida. Kilikuwa kinanyooka, kinarudi, kinanyooka, kama kuku anayekunywa maji. Nikaelewa, na nikaumia kwa ajili yake kuliko nilivyokuwa nimejiandaa. Mume wangu ni mfupi. Ile ndege ilikuwa na dashibodi ndefu iliyojaa saa za vipimo, na kiti chake kilikuwa cha chini. Alikuwa amengoja maisha yote, akakaa mbele, na mbele yake alikuwa anaona saa na kipande cha anga.

"Mzee, unaonaje?" Jastin akapaza sauti.

"Vizuri sana, ahsante sana," akasema Xaveri.

Xaveri hasemi ahsante sana. Nilijua anakaribia kulia. Angemwambia tu yule kijana, lakini kumwambia ni sawa na kukubali kwamba hata kiti cha mbele kimemkataa. Nami ningesema, lakini ningemwaibisha. Nikanyamaza, na kunyamaza si kipaji changu.

Hatukwenda mbali hivyo. Milima ikaisha ghafla, na Jastin akapunguza mafuta ili tuanze kushuka ziwani. Mlio wa injini ukashuka.

Naomba msomaji amwelewe. Kichwa chake kilijua yuko ndani ya ndege. Mwili ulikuwa haujaambiwa. Masikio yalisikia injini inaishiwa nguvu, na miguu ya utingo hailetewi barua. Mkono mmoja ukatoa kigingi kwenye koti, mwingine ukashika komeo la mlango.

"Nashuka!" akapiga kelele.

"Unashuka wapi?" Jastin akapiga kelele zaidi, amemdaka ukosi wa koti la harusi. Mlango ulikuwa umefunguka upana wa kiganja, upepo umeingia kama shetani, kofia imetoka, maharage ya Eliza yamemwagika, na mimi nimeshika mkanda wa suruali ya mume wangu kwa mikono yote miwili na meno tayari kusaidia.

"Gari linarudi nyuma!"

"Halirudi nyuma! Tuko angani, mzee! Funga mlango!"

Kwa muda mfupi Xaveri alitazama chini kupitia ule ufa. Nadhani aliona mahali ambapo angepaswa kuweka kigingi. Akafunga mlango taratibu sana, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa.

Jastin akamwachia ukosi. "Kalia mikono yako!" akaamuru. "Yote miwili! Usiiguse hewa mpaka tutue!"

Xaveri akakalia mikono yake kama mtoto wa darasa la kwanza. Na mikono ya utingo, jamani, si mikono ya karani. Ni minene, ina sugu, kila mmoja ni tofali. Alipoikalia, akainuka. Kisogo kikapanda. Macho yake yakavuka ile dashibodi, naye akaacha kupumua.

Mara ikatoka sauti, ndogo sana, karibu izamishwe na injini.

"Mama Romanus. Linakuja."

"Nini?"

"Ziwa. Linakuja. Linakuja lote."

Nilitazama, lakini mbele yangu kulikuwa na kisogo chake tu na masikio mawili yanayotetemeka. Akaanza kuvitaja vitu kimoja kimoja, si kwa kujisifu, bali kama anayeitikia majina. Ufukwe unakuja. Mitumbwi inakuja. Milima ya ng'ambo inakuja. Mtu anakuja, amevaa nguo nyekundu, anapunga mkono, anakua, anakua! Alikuwa analia na kucheka, na kwa kuwa mikono ilikuwa chini yake alishindwa kujifuta kamasi. Nami, niliyemcheka miaka yote kwa wazimu wake, nilimwonea wivu. Ulikuwa wivu kweli, wa kuuma. Pale mbele kulikuwa na kwetu, kunakuja, na mimi naona kisogo tu.

Mbaha tuliteremka juu ya nyasi karibu na maji. Mtu wa nguo nyekundu alikuwa dada Eliza. Alinikumbatia, akalia, akacheka alipoona maharage yamenijaa mpaka kwenye nywele. Tulikula ugali wa muhogo na mbasa, samaki wa ziwa letu, wa kuchoma nyumbani kwake, mama wakubwa wakaamkiwa, vichanga wakaonyeshwa. Xaveri alikula kwa mikono iliyokuwa bado haina damu. Hakusimulia chochote. Watoto walimzunguka, "Babu, umeona nini huko juu?" naye akawapakata tu. Hilo lilinitisha kuliko ule mlango.

Tuliporudi kwenye ndege Eliza alinibebesha mfuko wa mchele. Bwana Abdulkarimu alikuwa ameshafika, gazeti kwapani, amesimama kwenye mlango wa mbele. Tulimwamkia, naye akaitikia kwa heshima. Jastin akaanza kueleza kwamba wazee hawa wanarudi nasi, watakaa nyuma. Hapo Xaveri akasogea.

"Bwana mkubwa," akasema, "samahani sana. Nina neno moja. Gazeti linasomeka hata ukiwa nyuma."

Nilimfinya. Jastin akaanza kukagua kiatu chake. Bwana Abdulkarimu akaangalia huku na huku kama kuna mtu mwingine anayesikia.

"Mzee, nani kakwambia mimi nasoma?" akasema polepole. "Hili gazeti la mwaka juzi. Nalijua lote kwa moyo, mpaka tangazo la mbolea. Nikikaa pale mbele nikaona chini, tumbo linaniacha. Nimetamani kukaa nyuma tangu siku ya kwanza. Lakini ndege nimeikodi mimi. Tajiri akikaa nyuma, watu watasemaje?"

"Waambie umemwachia mzee," akasema Xaveri.

"Wallahi umesema." Akapanda nyuma kwa wepesi ambao sikuutegemea kwa mwili ule, akajifunga mkanda, akafumba macho kwa raha ya mtu aliyefika kwake.

Basi mambo yamekwisha, nikajisemea. Huyu bwana amepata kiti cha kurudia pia, na mwonja asali haonji mara moja. Leo mpaka Krismasi nitakuwa nasikia habari za mambo yanayokuja. Nikainua mguu niingie nyuma.

"Siyo huko," Xaveri akasema. Alikuwa ameshika mlango wa mbele. "Panda."

"Nani?"

"Kwani hapa Mama Romanus wako wangapi?"

"Na wewe?"

"Nitakaa nyuma. Nyuma napajua."

Nilimtazama kama anaumwa. Nikamgusa paji la uso, hakuwa na homa. Nikamwambia aache upuuzi, watu wanangoja, mimi mwanamke mzima nikakae mbele na kanga na maharage kichwani, nitafanya nini huko? Yeye hakubishana. Alichukua ule mfuko wa mchele wa Eliza, akauweka juu ya kiti, akaupiga piga ukalala vizuri. "Bila hivyo hutaona," akasema. "Wewe nawe si mrefu."

Nikapanda. Jastin akanifunga mkanda na kunionya juu ya komeo la mlango, ingawa sikuwa mimi wa kuonywa.

Sikujifunika kanga. Niliogopa, nisiseme uongo, lakini sikujifunika. Tukakimbia kwenye nyasi, ardhi ikatuacha, tukageuka juu ya maji, na milima ya Umatengo ikasimama mbele yangu yote kwa pamoja. Milima ile niliipanda kwa miguu nikiwa bibi harusi. Njia nzima nilikuwa nyuma ya wajomba walionisindikiza, na nilichokiona tangu ziwani mpaka kwa mume wangu ni visigino vyao vilivyopasuka. Kumbe mimi nami. Miaka yote nilimcheka mtu aliyetazama nyuma, na mimi sijawahi kutazama chochote isipokuwa mgongo wa aliyetangulia.

Sasa hapakuwa na mgongo wa mtu. Milima ilikuja, ikawa mikubwa, ikawa mikubwa mno, kisha ikainama ikapita chini yetu, na huko juu yakaanza mashamba ya ngoro, mashimo kwa mashimo, mlima baada ya mlima, kama sega la nyuki. Nimezichimba ngoro mpaka mgongo ukakataa. Sikujua kwamba ni nzuri. Machozi yakanitoka, nikayaacha yatoke.

Nyuma yangu Xaveri alikuwa hawezi kuvumilia. Alinigonga bega. Akangoja. Akanigonga tena.

"Mama Romanus! Kuna nini huko? Sema basi! Kunakuja nini?"

"Nyamaza kidogo, Baba Romanus," nikamwambia. "Natazama."